Nyumba ya wageni isiyogombana na mlima

Maneno ya komite ya ujenzi mbele ya mkutano mkuu wa wanamemba. Tumeyaandika kama yalivyosemwa, tukapunguza marudio tu.



Mkutano uliopita ulikubali jambo moja kwa mikono yote juu: chama chetu kijenge nyumba ya wageni kwenye kile kiwanja cha mlimani kinachoangalia ziwa, ili feza ya kusaidiana isitoke kwenye kotizasio peke yake. Wagonjwa wapo, misiba ipo, watoto wa shule wapo, na sanduku linakauka mbele mwezi haujaisha. Hapo hakuna aliyebisha. Ubishi ulianza pale tulipouliza nyumba yenyewe itakuwa ya namna gani. Wengine wakasema etaje ya beto, madirisha makubwa ya vioo, bati ya bluu inayong'aa, ionekane mpaka kwa wavuvi wa Ubwari. Wengine wakasema nyumba ndogo ndogo za udongo na mawe, zikae chini ya miti kama zimeota pale. Mkatutuma sisi wa komite tukaangalie, tuulize mafundi, turudi na jibu. Tumerudi. Jibu letu ni lile la pili, na leo tunaeleza sababu, kisha mtapiga kura.

Tuanze na mgeni mwenyewe, maana nyumba inajengwa kwa ajili ya mtu. Wakati tunasema "wageni", wengine wetu wanaona mzungu na kamera yake. Tusidanganyane. Yule anaweza kuja siku moja, lakini hali ya usalama tunaijua, hatuwezi kumngojea yeye ndiyo tule. Mgeni wetu wa kweli ni ajenti wa ONG aliyetumwa siku nne. Ni mwalimu anayekuja kusimamia mitihani ya serikali. Ni mama mfanyabiashara aliyekosa boti, na hewa ya ziwa imekuwa mbaya. Ni watu wa msibani waliojaa kwenye nyumba ya shemeji. Ni ndugu zetu wanaoishi ngambo ambao wanarudi kuangalia makaburi ya wazee, kisha wanakosa pa kulala. Mgeni wa namna hii anataka vitu vichache: chumba kisicho na joto la usiku, choo safi, maji ya kuoga, mlango unaofungika, na baraza ya kukaa jioni akitazama taa za wavuvi wa ndagala. Etaje haimpi hata kimoja cha hivyo zaidi ya nyumba ya chini.

Sasa tuje kwenye neno lililosemwa na mama mmoja pale nyuma, na tunamshukuru kwa kulisema mbele ya wote. Alisema: "Tumekaa kwenye udongo Lugufu, tumekaa kwenye udongo Nyarugusu, leo tuko kwetu mnataka tukae tena kwenye udongo?" Watu wakapiga makofi. Siye pia tulikaa kule, na tunajua makofi yale yalitoka wapi. Wengi kati yetu tulipanda boti Kigoma baada ya 2005 na kushukia Baraka na mabati machache, sufuria na watoto. Lugufu ikafungwa 2009, Nyarugusu bado ina watu wetu mpaka leo. Mtu aliyeishi miaka kumi chini ya karatasi la plastiki ana haki ya kutaka kitu kigumu.

Lakini tuangalie vizuri kitu gani kilitutesa kule. Nyumba ya kambini ilijengwa kwa haraka, kwa sababu kambi ni ya muda. Haikuwa na fondasio ya mawe. Paa lilikuwa fupi, mvua ikapiga ukuta, ukuta ukalika chini kama sabuni. Sakafu ilikuwa sawa na uwanja wa nje, maji yakaingia. Hiyo yote ni ubaya wa kukosa mawe chini na kukosa paa refu juu. Wazee wa Kibembe na wa Kifuliru, hata majirani zetu wengine, walijenga kwa miti, udongo na nyasi kabla beto haijafika huku, na walilala vizuri. Udongo ukipewa viatu vizuri na kofia nzuri unadumu kuliko sisi. Kilichotuaibisha ni haraka ya kambi, na hapa hakuna anayetukimbiza.

Tuseme pia juu ya mahali, maana hapo ndipo tuliposimama sana.

Ndugu wengi wanataka nyumba iwe chini kwenye mchanga, karibu kabisa na maji, kwa kuwa pale ndipo pazuri. Ni kweli pazuri. Lakini ziwa letu lina tabia yake. Mlango wake wa kutokea ni mmoja, mto Lukuga kule Kalemie. Mvua ikizidi kwa miaka kadhaa, maji yanapanda na hayana haraka ya kushuka. Wazee watakumbuka maji ya 1964, kwa sababu ule ndio mwaka wa vita vya Mulele na hakuna anayeusahau. Vijana wameona wenyewe 2021 na tena 2024: nyumba za Kalundu na Uvira zimesimama ndani ya maji, watu wanapita kwa mtumbwi kwenye avenyu. Sehemu ile ya mchanga tunayoipenda, sehemu kubwa yake ilikuwa ziwa. Ziwa litarudi kuichukua, hatujui tu mwaka gani.

Na hatari nyingine inatoka mgongoni. Usiku wa tarehe 16 kwenda 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulishuka Uvira na kubeba nyumba na watu. Mei 2025, hapa hapa Fizi, maji yalishuka Kasaba usiku watu wamelala, yakaja na mawe makubwa, miti na matope. Wengine kati yenu mlizika watu wenu kule, hatutaongeza maneno. Tunasema tu kwamba mlima usiokuwa na miti hauzuii maji, na korongo linaloonekana kavu mwezi wa saba ndilo njia ya maji ya mwezi wa nne.

Kwa hiyo tulipanda kwenye kiwanja siku ya mvua kubwa, na makoti na jembe, tukafuata maji kwa macho. Tunashauri kila anayejenga afanye hivyo, ni bure. Tukaona maji yanashuka kwa njia mbili, moja kubwa upande wa kusini na moja ndogo karibu na miembe. Katikati kuna bega la mlima ambalo maji yanalikwepa. Hapo ndipo nyumba zitakaa. Ni juu ya mstari wa ziwa, ni mbali na korongo, na mgeni akikaa barazani bado anaona ziwa lote.

Ukishakubali bega lile, umbo la nyumba linajipanga lenyewe. Etaje ya vyumba kumi inahitaji uwanja mpana ulio sawa. Kuupata itabidi tukate mlima kama keki, tuache ukuta wa udongo mtupu nyuma ya nyumba, mrefu kuliko mtu. Ukuta ule unashuka mvua ya pili au ya tatu, na unashuka juu ya vitanda. Ndiyo maana tunapendekeza nyumba ndogo tatu, kila moja ina vyumba viwili, zimepangwa kwa ngazi kufuata mlima, na ya nne iliyo wazi kwa chakula na mikutano. Hakuna mahali tutakapochimba zaidi ya kimo cha goti au kiuno. Udongo unaotoka nyuma unajaza mbele, unazuiwa na ukuta wa mawe yaliyopangwa bila simenti, ili maji yapite katikati ya mawe badala ya kusukuma.

Kupata mstari ulio sawa kwenye mlima hakuhitaji mashini ya inginia. Maagronome walitufundisha: miti miwili ya mita 2, unaifunga juu kama herufi A, unapitisha mti mdogo katikati, unaning'iniza kamba yenye jiwe. Kwanza unaweka alama mahali kamba inapogusa ule mti mdogo wakati miguu miwili iko sawa. Kisha unatembea nao mlimani, mguu kwa mguu, na kila kamba inapogusa alama unapiga kijiti chini. Vijiti vile vinakuchorea mlima. Vijana watatu waliufanya saa moja asubuhi, wakamaliza mbele ya chai.

Kuna jambo lilitusumbua, tuliseme wazi. Kwenye nchi za joto mafundi wanashauri ubavu mrefu wa nyumba uangalie kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la jioni lipige kwenye ubavu mfupi. Lakini mlima wetu unashuka kutoka magharibi kwenda mashariki, ziwani. Ukifuata mlima, ubavu mrefu unaangalia mashariki, na jua la asubuhi linaingia lote. Tufuate nani, jua au mlima? Tulifuata mlima. Jua la jioni, ambalo ndilo kali kuliko yote, kwetu linafichwa mapema na milima ya magharibi. Tena mnajua wenyewe, saa kumi na moja kivuli kimeshafika ziwani. Jua la asubuhi tunalizuia kwa baraza ya mita 2 upande wa ziwa, na miembe ile inayobaki. Hakuna mwembe hata mmoja utakaokatwa. Kama nyumba na mti vinataka mahali pamoja, nyumba itasogea, kwa kuwa nyumba ni ya miezi sita na kivuli kile ni cha miaka arobaini.

Upepo nao unatusaidia. Mchana unatoka ziwani kwenda mlimani, usiku unageuka unashuka. Dirisha likiwa upande wa ziwa na tundu jingine juu upande wa mlima, hewa inapita saa zote mbili. Feni haihitajiki, na jenereta haitalia usiku kucha ju ya mgeni mmoja.

Kuta. Hapa kuna kazi na kuna faida. Tulikuwa na njia tatu. Bloki za simenti: simenti inakuja kwa boti, bei inapanda kila ziwa likikasirika, na feza yote inaondoka kijijini siku ile ile. Matofari ya kuchoma: mazuri, tumeyazoea, lakini kila tanuri linakula kuni nyingi sana, na kuni zinatoka kwenye mlima ule ule tunaouogopa. Itakuwa kitu cha ajabu tuvue mlima nguo ili kujenga nyumba inayoukimbia. Njia ya tatu ni tofari la udongo la kushindiliwa kwa mashini ya mkono, bila moto. Mashini hii ya chuma, yenye mkono mrefu wa kukandamiza, ilitengenezwa Kolombia miaka ya 1950 na inginia Raúl Ramírez, na leo mafundi wa kusudea kwenye miji yetu wanaweza kuiga. Ndoo 1 ya simenti kwa ndoo 12 mpaka 15 za udongo, maji kidogo tu, unakandamiza, unatoa. Kisha unafunika na majani ya ndizi na kulowesha siku saba, halafu linakaa kivulini mpaka wiki nne zitimie. Anayelijenga mbele ya hapo anatafuta shida.

Si kila udongo unafaa. Ule mweusi wa juu wenye mizizi tunauweka pembeni, tutaurudisha shambani. Wa chini yake tunaupima kwa chupa nyeupe: udongo theluthi moja, maji mpaka karibu na juu, chumvi kidogo, unatikisa, unaacha mpaka kesho. Mchanga utakaa chini, vumbi laini katikati, udongo wa mfinyanzi juu. Mfinyanzi ukiwa karibu sehemu 1 kwa 5 ni sawa. Ukizidi sana tofari litapasuka likikauka, tunaongeza mchanga wa ziwa ulioshwa. Ukikosekana, tofari litabomoka mkononi. Tulipima mashimo manne kwenye kiwanja, na la tatu, lile karibu na njia, ndilo lililotupendeza.

Na rangi? Mtu aliuliza tutapaka rangi gani. Hatutapaka. Tofari linatoka kwenye ardhi ile ile, basi rangi yake ni rangi ya mlima, nyekundu inayoelekea kahawia. Chini tunaweka mawe ya mlimani mpaka kimo cha goti, ili maji yanayoruka kutoka chini yasiguse udongo. Mvuvi akitazama kutoka ziwani ataona miembe, ataona moshi wa jiko, nyumba ataitafuta kidogo.

Paa ndilo lililotugawanya hata sisi wenyewe kwenye komite, na tulizungumza usiku mbili. Nyasi ni baridi, ni nzuri, wazee walizijua. Lakini nyasi zinataka mteremko mkali, zinataka kubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa, zinashika moto, na nyasi nzuri sasa zinatafutwa mbali. Zaidi ya hapo, huwezi kukinga maji safi kutoka kwenye nyasi. Bati linakinga maji: mvua ya milimita 20 kwenye paa la mita za mraba 60 ni lita 1,200, piga hesabu mwenyewe. Lakini bati ni tanuri mchana, ni ngoma wakati wa mvua, na linang'aa kama kioo.

Jibu tulilipata mbali kidogo, Burkina Faso. Kuna mtu anaitwa Francis Kéré, mtoto wa kijiji cha Gando, aliyesomea ujenzi Ujerumani. Alirudi kijijini kwake kujenga shule ya msingi, ikaisha 2001. Alipowaambia watu wa kijiji kwamba ataijenga kwa udongo, walimshangaa, wakasema udongo hauwezi mvua, sawa kabisa na mama yetu pale nyuma. Akawaonyesha kwa kujenga nao. Kuta ni za matofari ya udongo, juu yake kuna dari ya udongo yenye matundu, na bati halikulala juu ya dari: limeinuliwa juu kabisa kwa vyuma, hewa inapita katikati. Joto la bati linaondoka na upepo, halimfikii mtoto. Paa lenyewe limetoka nje mbali, mvua haigusi ukuta. Mwaka 2022 mtu huyo alipewa tuzo ya Pritzker, ambayo ni kubwa kuliko zote katika kazi ya kuchora majumba, na alikuwa Mwafrika wa kwanza kuipata.

Hatuna vyuma vya Kéré, tuko na mikalitusi. Basi vyumba vya kulala vitakuwa na dari ya mianzi na udongo, na juu yake bati la rangi ya kahawia lisilong'aa, limeinuliwa kwa miti ya mikalitusi. Kila mguu wa mti unaosimama chini unakaa juu ya jiwe, usiguse ardhi, ju ya mchwa. Nyumba ya chakula, ile iliyo wazi pande zote, ndiyo itaezekwa nyasi. Watu wakitaka kukimbia moto wanatoka upande wowote. Na jiko litakaa mbali nayo, upande ambao upepo wa mchana hautupi cheche juu yake. Bamama wa jiko, mahali kamili mtachagua ninyi, si sisi.

Wengine watasema mambo haya ni ya maskini. Tunawajibu kwa mifano miwili. Kule Rumangabo, ndani ya mbuga ya Virunga, kuna Mikeno Lodge: nyumba za mawe ya volkano na paa za nyasi, zimejificha katikati ya miti mikubwa. Na ngambo ya ziwa letu hili hili, kwenye mbuga ya Mahale, upande wa Tanzania, kuna kambi ya Greystoke iliyotumia mbao za mitumbwi mikubwa ya zamani. Mahali pote pawili watu wamelipa kwa usiku mmoja feza ambayo hapa inalipa karo ya mtoto mwaka mzima. Sisi hatutafuti bei zao wala wateja wao. Tunataka mjue tu kwamba mtu mwenye feza nyingi, anayeweza kulala kwenye beto popote duniani, analipa ili alale kwenye jiwe, mbao na nyasi.

Hapo tuweke onyo dogo. Kufanana na mahali hakumaanishi kutundika vinyago mlangoni, ngozi ya chui ukutani na ngoma isiyopigwa na mtu. Tumeona nyumba za namna hiyo, na mgeni anacheka moyoni. Kiti cha baraza kitengenezwe na seremala wetu, mkeka ufumwe na bamama wetu, basi.

Usiku, taa zitakuwa chache na zitaangalia chini. Mnajua usiku usio na mwezi jinsi taa za wavuvi zinavyojaa ziwani kama mji mwingine. Ndicho kitu kizuri kuliko vyote tulicho nacho cha kumwonyesha mgeni, na hakituuzii gharama yoyote. Projekta moja ya kichina kwenye paa inakifuta chote.

Sasa choo, na tunaomba msicheke. Watu wa chini wanakunywa maji ya ziwa. Kolera tunaijua Fizi, tunaijua Uvira, haihitaji kutambulishwa. Nyumba nzuri inayotelemsha uchafu wake kwa jirani ni nyumba mbaya. Vyoo vitakuwa umbali wa mita 30 au zaidi kutoka kwenye chanzo chochote cha maji, chini yake na si juu yake, na nje ya njia zile mbili za mvua. Maji ya kuoga yataenda kwenye migomba. Hakuna bomba litakaloshuka ziwani, hata dogo, hata la muda. Kama feza itapungua, tutapunguza vyumba, vyoo havitapunguzwa.

Jambo la mwisho ni majirani, na kwetu sisi tuliorudi ni jambo zito. Tulipotoka, wengine walibaki. Walilima, walizika, walikimbia porini na kurudi. Tuliporudi tukakuta mashamba mengine yana watu, na kesi nyingine mpaka leo ziko kwa shefu. Kiwanja hiki tulipewa kwa amani na karatasi ya shefu ipo, lakini sheria ya ardhi ya 1973 inasema ardhi yote ni ya serikali, kwa hiyo kadastre lazima wafike, wapime, watupe karatasi yao mbele hatujaweka jiwe la kwanza. Komite haitaanza bila hiyo.

Na karatasi peke yake haitoshi. Katikati ya kiwanja kuna njia ya miguu ambayo bamama wanaitumia kushuka majini na kupanda mashambani. Mchoro wa etaje uliifunga. Wetu unaiacha, unaipa ngazi za mawe ili wasiteleze wakati wa mvua. Hatutajenga ukuta wa bloki wenye vipande vya chupa juu. Tutapanda ua wa miyenzi, na kwenye mteremko vetiveri, ambayo mizizi yake inashuka chini sana na kushika udongo. Jirani akiona nyumba yetu imekaa kwa heshima kwenye ardhi ambayo yeye aliitunza wakati hatupo, tutakuwa na mlinzi ambaye hatumlipi. Akiona etaje inamwangalia kutoka juu kwenye uwanja wake anapoogesha watoto, hatuna ulinzi hata tukiwa na polisi wawili.

Feza yenyewe itatembea hivi: kwenye mchoro wa beto, sehemu kubwa inaondoka kwa simenti, vyuma na vioo. Kwenye mchoro wetu sehemu kubwa ni mikono: kuchimba, kushindilia, kubeba mawe, kufuma dari, kukata mianzi. Mikono hiyo ni yenu na ya majirani. Tunapendekeza nusu ya vijana wa kazi watoke kwa waliorudi na nusu kwa waliobaki, na hapo komite haina mjadala, tumekubaliana wote.

Mvua inakatika mwezi wa sita. Kama mtakubali leo, mwezi wa tano tunakusanya mawe na kukata mianzi, mwezi wa sita mpaka wa nane tunapiga matofari na kusimamisha kuta, na bati lazima liwe juu mbele ya mvua ya mwezi wa tisa. Tukichelewa hapo, tunangoja mwaka mwingine. Tutaanza na nyumba moja tu, ile ya katikati. Ikipita masika bila kuvuja na bila kupasuka, tunaendelea na nyingine. Ikishindwa, mtakuwa mmepoteza kidogo, na wenye kutaka beto watasimama hapa watuulize.

Michoro miwili iko mezani, ya etaje na ya kwetu, pamoja na matofari matatu tuliyopiga. Mtu yeyote aje alibebe moja, aliangushe chini kutoka kimo cha kiuno aone. Mtunza sanduku yuko na daftari la hesabu. Jumamosi saa mbili asubuhi tutakuwa kiwanjani na kamba na vijiti. Anayekuja alete panga, na mama aliyesema lile neno tunamwomba aje mbele kabisa, awe wa kwanza kutupinga tukiwa tumesimama mahali penyewe. Sasa ni saa ya maswali.